Maana ya Neno "sic" katika Maandishi Yaliyonukuliwa

Watumishi wa Serikali na wananchi hukuta katika ripoti na nakala za barua neno dogo [sic] ndani ya mabano ya mraba. Neno hilo si kifupisho. Ni neno kamili la Kilatini, na maana yake ni "hivyo". Mnakili huliweka mara baada ya neno lenye kasoro ili kumjulisha msomaji kwamba kasoro hiyo imo katika waraka wa asili, naye hakuigusa. Mabano ya mraba huonyesha kuwa kilichomo ni cha mnakili. Ya duara hayafai, kwani huenda mwandishi wa mwanzo aliyatumia mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Bara. Katika barua ya kiwanja mahali pameandikwa "Smae" badala ya Same. Mnakili akisahihisha kimyakimya, nakala haitalingana na asili, na siku ya shauri upande wa pili utauliza ni kipi kingine kilichobadilishwa. Akiandika "Smae [sic]", shaka hiyo haipati nafasi.

Taabu kubwa zaidi ni kuiweka alama hii pasipo kosa. Same, mji ulio chini ya Milima ya Upare, huandikwa sawasawa na neno la Kiingereza lenye maana ya "ileile", na asiyeujua mji huo aweza kudhani kuwa kalamu imeteleza. "Wilaya ya Pare" katika waraka wa zamani nayo ni sahihi: ndiyo iliyokuwapo kabla ya kugawanywa miaka ya 1970, zikapatikana Wilaya za Same na Mwanga. Vilevile Ernst Kotz, mmisionari Mjerumani aliyechapisha sarufi ya Kipare mjini Berlin mwaka 1909, aliiita lugha hiyo Chasu. Ndivyo Wapare wenyewe, yaani Vaasu, waiitavyo. Kumtilia Kotz [sic] hapo ni kuwasahihisha wenye lugha yao.

Kwa tahajia ya kale, kama "Ugueno" ya Wajerumani ambayo leo ni Ugweno, yatosha tanbihi moja mwanzoni. Kurudia [sic] kila mstari ni kama kumcheka marehemu.

Wala alama hii isitumike kumkebehi mwombaji. Mwananchi aliyeandika "galama" amefahamika. Iwekwe panapoweza kuzuka utata wa haki: jina la mtu, mpaka wa shamba, tarehe, au kiasi cha fedha.