Mwanafunzi wa Kuona, wa Kusikia, au wa Kutenda?

Katika semina za walimu kazini swali hili haliishi: nitajuaje kama mwanafunzi wangu ni wa kuona, wa kusikia au wa kutenda? Anayeuliza ana nia njema. Ana watoto 80 darasani na anataka kumfikia kila mmoja. Mimi pia nilifundisha mgawanyo huo kwa miaka kadhaa, na leo nawasihi walimu wauache.

Neil Fleming, aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule New Zealand, alichapisha pamoja na mwenzake mwaka 1992 hojaji fupi ya kumwonyesha mtu anapendelea kujifunza kwa njia gani. Upendeleo upo, hilo halina ubishi. Shida ni hatua inayofuata, ya kudhani kwamba mtoto akifundishwa kwa njia aipendayo ataelewa zaidi. Ili dai hilo lithibitike, lazima wa kusikia wafaulu zaidi wakisikiliza, na wa kuona wafaulu zaidi somo lilelile wakitazama. Mwaka 2008 Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake watatu walipitia tafiti wakitafuta ushahidi wa namna hiyo. Hawakupata wa kutosha.

Nadharia ya akili nyingi ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huchanganywa na hii ya mitindo ya kujifunza. Howard Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard aliitoa mwaka 1983 akitaja akili saba, zikiwemo ya lugha, ya muziki na ya mwili. Wanasaikolojia wengi bado wanaipinga, na Gardner mwenyewe ameandika kwamba akili hizo si mitindo ya kujifunza. Ushauri wake mmoja kwa mwalimu ni huu: mada moja ifundishwe kwa njia zaidi ya moja.

Kinachoamua njia ni mada yenyewe. Ramani ya mikoa haifundishiki kwa masikio matupu, wala matamshi hayafundishiki kwa picha.

Chukua mfano wa somo la sehemu katika hisabati, darasa la nne. Mtoto anaandika kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4, kwa kuwa nane inaizidi nne. Ukimwimbia kanuni kwa sababu ni "wa kusikia", ataiimba vizuri na kosa litabaki palepale. Mpe kila mtoto vipande viwili vya karatasi, kila kimoja nusu ukurasa wa daftari la zamani. Kimoja wakikunje mara mbili, wakifunue, wapake rangi robo moja. Cha pili, kinacholingana na cha kwanza, wakikunje mara tatu, wakifunue, wapake thumuni moja. Kisha kila mmoja amweleze jirani yake kwa maneno yake kwa nini asili, yaani namba ya chini, ikikua kipande hupungua, ndipo waandike. Wote wameona, wamesema, wametenda. Sasa mtazame yule mtoto: anakunja tena vipande vyake, anaweka thumuni juu ya robo, anaona robo imechomoza, anavuta daftari na kutafuta kifutio.