Kinanda cha baharia wa Sur

Ibra, Oman

Santuri ilikuwa imefungwa ndani ya kanga mbili, na kanga zimetiwa ndani ya mfuko wa mchele wa Basmati. Shangazi aliuweka mfuko mezani akatutazama. “Hiki ndicho kinanda cha marehemu babu yenu,” alisema. “Mkikivunja, msinipigie simu tena.”

Tulicheka, lakini lile neno lilitukaa. Kwa vijana wa leo, kinanda ni kile chenye vibao vyeusi na vyeupe, cha kanisani au cha bendi. Kwa wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, jamaa wa gambusi, kikipigwa kwenye harusi na barazani. Baadaye Wazungu walipoleta piano na ogani jina likahamia huko, na gambusi likabaki na majina yake mengine. Shangazi ana zaidi ya miaka themanini, nusu karne na zaidi ameishi Ibra, na kwake kinanda bado ni muziki wowote wa nyuzi, hata ukiwa ndani ya santuri.

Aliyeimba kwenye santuri ile ni Salim Rashid Suri. Wasomaji wetu wengi wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa hawatalijua jina hilo, na hata hapa Oman vijana tuliowauliza walituambia wamewahi kulisikia tu. Ndiyo sababu ya makala haya.

Salim alizaliwa Sur, kwenye pwani ya Sharqiyah, mwanzoni mwa karne ya 20. Sur wakati huo ilikuwa ikijulikana kwa majahazi yake. Yalikuja kwetu na kaskazi yakiwa na tende na samaki wa chumvi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Ukifika Sur leo utaliona moja, Fatah al-Khair, ghanja lililoundwa hapo hapo mwaka 1951, likauzwa nje, kisha watu wa mji wakalinunua tena kutoka Yemen mwaka 1993 na kulipandisha nchi kavu. Tulilizunguka mara mbili. Mzee mmoja aliyekuwa kivulini alitusikia tukizungumza, akatuuliza kwa Kiswahili cha Malindi ya Unguja kama tumetoka kwao.

Kijana Salim alipenda kuimba, na nyumbani hawakutaka. Inasimuliwa kwamba kaka yake mkubwa alitishia kumpiga risasi. Anayedhani hiyo ni hadithi tu hajafika Nizwa. Nizwa ilikuwa makao ya Imamu hadi mwaka 1955, na kwa mashekhe wa bara ya Oman chombo cha nyuzi hakikuwa na nafasi. Razha ilikubalika, na mpaka leo tumeiona kwenye harusi ya jamaa zetu: wanaume kwa mistari miwili, ngoma, panga zikirushwa juu, mashairi yakijibizana. Lakini udi! Jamaa yetu mmoja wa Nizwa, mtu mpole na msomi, alipojua tunaandika nini alituuliza kwa upole kama hatukupata jambo jingine la kuandika.

Basi Salim akaenda baharini. Alifika pwani ya Afrika Mashariki, akafika Aden, na katika miaka ya 1930 akakaa Bombay. Huko alijifunza Kiurdu na kufanya kazi ya udalali na ukalimani kwa wafanyabiashara wa Kiarabu. Bombay ndiko zilikokuwa studio. Siti binti Saad wetu alikwenda huko mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na Salim naye akarekodi huko huko baada yake. Watu walimwita baharia mwimbaji.

Alichokuwa akiimba kinaitwa sauti, kwa Kiarabu sawt, muziki wa mijini wa Ghuba ambao kwa kawaida asili yake hutajwa Kuwait, kwa Abdallah al-Faraj, mshairi aliyeishi Bombay pia na kufariki mwaka 1901. Udi, marwasi, makofi ya kupishana, na shairi. Lakini nyimbo nyingi za mtindo huo asili yake ni Yemen, na Yemen zilizaliwa juu ya gambusi.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye kazi ya Salim na wenzake. Gambusi huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti na uso wake hufunikwa ngozi. Sauti yake ni kavu, inakatika upesi, ina kishindo kama cha ngoma. Udi uso wake ni wa mbao, tumbo ni kubwa, nyuzi ni nyingi zaidi, na sauti inakaa. Wimbo uliotungwa kwa gambusi ukiuhamishia kwenye udi kama ulivyo, unapwaya. Mpigaji lazima ajaze pale ambapo ngozi ilikuwa ikijaza kwa kishindo chake, na apunguze pale ambapo udi unavuma kupita kiasi.

Wazungu wanalijua jambo hili kwa vyombo vyao. Bach, aliyefariki mwaka 1750, aliandika muziki mwingi kwa ogani, ambayo sauti yake hudumu muda wote kidole kikiwa juu ya kibao. Piano haiwezi: noti ikishagongwa inaanza kufa. Tena mpiga ogani ana safu nyingine ya vibao chini ya miguu, na mpiga piano ana vidole kumi tu. Liszt alizihamisha kazi sita za namna hiyo kwenye piano. Busoni, Mtaliano aliyefariki mwaka 1924, alifanya zaidi, akiongeza noti juu na chini ili piano ingurume kama kanisa. Busoni alikuwa mtunzi mwenye kazi zake kubwa, lakini watu walimganda kwa zile za Bach hata inasimuliwa kwamba mkewe aliwahi kutambulishwa kuwa ni Bibi Bach-Busoni. Yake mwenyewe hayapigwi mara nyingi.

Maskati sasa kuna ogani. Jumba la Opera lililofunguliwa mwaka 2011 lina moja iliyoundwa Ujerumani na kampuni ya Klais ya Bonn, yenye mabomba zaidi ya 4,500. Ni kitu cha kuona. Hatuna ugomvi nayo. Ila tulipokuwa tukiitazama tulijiuliza ni wangapi kati ya wanaoingia pale wanajua kwamba mtu wa Sur alifanya kazi ya Busoni kwa gambusi na udi, bila jumba, tena akitokea kwenye sitaha ya meli.

Salim baadaye alihamia Bahrain na kuanzisha lebo yake mwenyewe ya santuri, Salimphone. Mwaka 1971, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi, alirudi Oman, na serikali ikampa heshima na kazi ya ushauri katika mambo ya utamaduni. Alifariki mwaka 1979. Kwa hiyo hatuwezi kusema alitupwa. Lakini kukumbukwa na serikali ni kitu kimoja, na kusikilizwa ni kingine. Santuri za zamani huvunjika kama sahani, na upande mmoja unachukua kiasi cha dakika tatu. Wimbo uliokuwa ukikesha nao barazani ulikatwa uingie humo.

Ya shangazi ilinunuliwa Unguja na babu yetu kutoka kwa baharia wa Sur aliyefikia Malindi msimu mmoja wa kaskazi. Baada ya 1964 familia ilipoondoka, vitu vilivyobaki nyuma ni vingi na hatutavihesabu hapa. Hii ilichukuliwa kwa kuwa ilikuwa bapa na iliingia katikati ya nguo. Karatasi yake ya katikati imefutika. Ukingoni ina ufa wa urefu wa kidole.

Tulibishana siku mbili. Sindano ya gramafoni ni ya chuma na ni nzito, huenda ingeumaliza ule ufa. Tusipoipiga itabaki bubu mpaka ivunjike yenyewe. Shangazi ndiye aliyeamua: ipigwe mara moja tu, na sote tuwepo. Gramafoni tuliazima Sur, yapata saa mbili kwa gari, kwa mtu anayezikusanya. Simu tatu ziliwekwa kurekodi.

Ikaimba. Kila mzunguko ufa ulikuwa ukigonga, tak, tak, tak, na juu yake udi, na juu ya udi sauti ya mwanamume aliyekuwa bado kijana. Shangazi alifunga macho. Ilipokwisha hakusema kitu, akaifunga tena kanga zake.

Mjukuu wake wa miaka kumi na sita ana kinanda cha umeme, ambacho Waarabu hukiita org, yaani lile lile neno la ogani. Kina vitufe vya kushusha noti kwa robo, maana bila robo hizo nyimbo za Kiarabu haziwi. Alikaa na rekodi ya simu siku nne, na usiku wa mwisho kabla hatujaondoka akatupigia. Udi alikuwa ameupata karibu wote, na zile robo alizibonyeza panapotakiwa. Ila kwa mkono wa kushoto alikuwa akipiga pigo moja kavu lisilobadilika tangu mwanzo hadi mwisho.

Tulimuuliza hilo ni nini. “Marwasi,” alijibu.

Tukataka kumwambia kuwa ni ufa. Shangazi akatukanyaga mguu chini ya meza.