Fahamu: Mlango wa wazi na mlango wa siri wa tovuti

Mkaazi wa Kavumu, penye uwanja wa ndege ulio kilomita zipatazo 30 kaskazini ya Bukavu, akiandika jina tupu la tovuti katika simu yenye kivinjari cha zamani, ombi lake hutoka kwanza kwa HTTP, yaani wazi kama barua isiyo na bahasha, na kila mtambo lipitamo waweza kulisoma na hata kuligeuza. Ndipo seva, kama imepangwa vema, humjibu kwa nambari 301 kwamba makao yamehamia daima kwenye HTTPS, ule mlango wa siri unaoyafunga mawasiliano, ama 302 ikiwa uhamisho ni wa muda tu.

Hatari imo katika jibu hilo la kwanza, kwani nalo husafiri uchi. Mwaka 2009 Mmarekani Moxie Marlinspike alidhihirisha hila ya kumvizia mtu njiani, kulizuia elekezo lisimfikie, na kumwacha akitia neno lake la siri katika ukurasa usiofungwa. Dawa ya hila hiyo, kanuni iitwayo HSTS, iliyosanifishwa mwaka 2012, hukiamuru kivinjari kisirudi tena HTTP kwa muda uliotajwa, aghalabu mwaka mzima.

Hati ya usalama, ambayo HTTPS huihitaji, si udhuru, maadamu huduma ya Let's Encrypt huitoa bure tangu 2015. Lakini mwenye tovuti akisahau kuihuisha ilhali HSTS ingalipo, msomaji hatapewa hata hiari ya kulipuuza onyo. Na maelekezo mawili ya seva yakipingana, hili lapeleka HTTPS na lile larudisha HTTP, kivinjari kitazunguka hadi kikate tamaa, na ukurasa usifunguke.