Askari wa Kongo katika Vita vya Jangwani (1941-1944): Kwa Nini Hakujua Aendako

Makala haya mafupi yana lengo la kueleza kwa nini askari wa miguu wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, alizungushwa barani Afrika wakati wa Vita Kuu ya Pili bila kuelewa sababu ya safari zake.

1. Safari zenyewe

Mwaka 1941 vikosi vya Kongo vilipitia Sudan, vikaingia Uhabeshi kupigana na Waitalia. Viliteka Asosa na Gambela mwezi wa Machi, na tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera alisalimu amri huko Saio. Taabu zilikuwa nyingi, lakini adui alijulikana.

Baadaye askari wapatao 13.000 walipelekwa Nijeria, upande wa pili wa bara. Walitazamiwa kuivamia Dahomey, yaani Benin ya leo, iliyokuwa chini ya serikali ya Vichy. Novemba 1942 Washirika walitua Moroko na Aljeria. Makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi yakajiunga nao, na shabaha ile ikatoweka. Mwaka 1943 askari wapatao 9.000 walielekezwa Misri na Palestina, baadhi yao kwa malori kupitia jangwani. Mwezi wa Mei mwaka huohuo Wajerumani na Waitalia walisalimu amri Tunisia. Hivyo waliofunzwa kupigana hawakupigana tena. Kazi yao ikawa ulinzi.

2. Chanzo cha mkanganyiko

Kwanza, vita viligeuka upesi kuliko mwendo wa kikosi. Amri iliyokuwa na maana siku ya kuondoka ilikuwa imepitwa na wakati siku ya kufika.

Pili, kulikuwa na tatizo la lugha. Maofisa Wabelgiji walisemezana kwa lugha zao za Ulaya, na lugha ya jeshi ilikuwa Kilingala. Kijana wa Maniema au Katanga aliyekulia katika Kiswahili alijifunza Kilingala kambini. Lugha ya amri hutosha kumwambia mtu asimame, atembee au apige bunduki. Kumweleza Vichy ni nani na kwa nini si adui tena ni jambo jingine.

3. Matokeo

Pasipo na maelezo, uvumi hushika nafasi. Februari 1944, askari waliobaki nyumbani waliasi huko Luluabourg, Kananga ya leo. Miongoni mwa mambo yaliyowachochea ni hofu juu ya chanjo.

Kwa kumalizia, mwanafunzi anayekusanya masimulizi yaliyohifadhiwa katika jamaa za askari hao ajihadhari. Akisikia kwamba babu alitumwa mbali kupigana na mtu asiyemwona, kisha akarudishwa, asidhani kwamba kumbukumbu imeharibika, wala asiharakishe kuyanyosha masimulizi hayo kwa ramani. Mkanganyiko ulikuwa katika amri zenyewe, na msimulizi ameuhifadhi kwa uaminifu.