Tone la Damu Nyumbani: Linasema Nini Kuhusu Mtoto?

Leo tuzungumze juu ya wapimaji wanaobisha hodi na kuomba tone la damu ya kidole.

Jambo hili si geni huku kwetu. Tangu miaka ya 2000, AMPATH ya Eldoret ilipita nyumba kwa nyumba Turbo na Kosirai. Serikali nayo ilipima damu katika nyumba zilizochaguliwa kote nchini mwaka wa 2007. Kati ya watu 100 wa miaka 15 hadi 64, kama 7 walikuwa na virusi vya ukimwi. Lakini lililo zito ni hili: zaidi ya 8 kati ya kila 10 walioambukizwa hawakujua. Kufikia uchunguzi wa 2018, walioambukizwa walikuwa karibu 5 kati ya 100, na wengi wao walijua hali yao. Kama tungengoja wagonjwa zahanati, tusingejua haya. Anayejisikia mzima haji!

Kipimo hicho hakioni virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda virusi vikiingia. Ukiona nyayo za ng'ombe kwenye mahindi, unajua aliingia, hata kama humwoni. Askari hao huchukua wiki kadhaa kuonekana, kwa hivyo aliyeambukizwa juzi anaweza kuambiwa hana. Arudie baada ya miezi 3.

Sasa mtoto mchanga. Mama humgawia askari wake angali tumboni. Kwa hivyo, chini ya miezi 18, kipimo cha kidole kinaweza kuonyesha nyayo za mama tu, na mtoto hana virusi. Hapo ndipo minong'ono huanza, na wengine humwachisha ziwa. Usimwachishe. Mpeleke kliniki mapema, wiki ya 6 isipite. Watamtoa damu ya kisigino, waikaushe kwenye karatasi, ikatafutwe virusi vyenyewe. Mama ameze dawa zake kila siku, mtoto apewe zake, na aendelee kunyonya.

Akifika miezi 18, kipimo cha kingamwili kitamfaa. Kama bado ananyonya, apimwe tena wiki 6 baada ya kuacha ziwa. Nenda na kijitabu chake cha kliniki, hata kama kimechakaa.