Kona Ileile, Kila Mzunguko

Kiwanda cha magari hulitesa gari kabla ya kuliuza. Hulipeleka kwenye joto la jangwani na kwenye barafu, hulipigisha mashimo usiku na mchana, na siku linapoingia sokoni wahandisi wameshajua bushi ipi itachoka kwanza. Gari ulilolichomelea mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani halijapitia hayo. Jaribio lake la kwanza ni siku unayoliingiza kwenye uwanja wa mbio, na dereva wa majaribio ni wewe.

Uingereza ndiko mchezo huu wa kujiundia gari ulikokolea zaidi. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus alitoa Lotus Seven, gari dogo jepesi ambalo mnunuzi aliweza kuuziwa vipande akaenda kulifunga mwenyewe. Mwaka 1973 haki za kuliunda zilihamia kwa kampuni ya Caterham. Kisha mwaka 1996 Ron Champion akachapisha kitabu kilichomfundisha mtu wa kawaida kuunda gari la sura hiyo kwa mabomba ya chuma ya mraba na viungo vya Ford Escort iliyochakaa, kwa gharama ambayo jalada lilidai ni pauni 250 tu. Sidhani kama wengi walibaki ndani ya bei hiyo, lakini magari hayo, yanayoitwa Locost, yalienea. Escort si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki: Hannu Mikkola alishinda Safari Rally mwaka 1972 akiwa ndani ya Escort, na Björn Waldegård akafanya hivyohivyo mwaka 1977.

Magari haya huletwa kwenye viwanja kama Brands Hatch, Snetterton na Cadwell Park siku ambazo uwanja hukodishwa kwa yeyote mwenye leseni, kofia ngumu na ada mkononi. Si mashindano. Hakuna kombe, kupitana ni kwa ridhaa, na mara nyingi kila kundi huzunguka kwa robo saa au dakika 20 kisha linatoka. Dakika hizo chache humaliza gari kuliko wiki nzima ya barabarani.

Lakini uwanja una fadhila moja ambayo fundi wa mtaani haipati. Mteja humletea gari akisema lilikosakosa juzi mlimani. Leo limetulia kabisa, na fundi anabaki kubahatisha. Uwanjani kona ya tatu ni ileile kila mzunguko, unaingia kwa mwendo uleule na gia ileile. Hitilafu ikiwepo itajirudia, na itajirudia mahali pake. Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe "nini kimeharibika?" bali "linafanya hivyo lini?" Kona za kulia tu, au zote? Mzunguko wa pili, au wa nane? Tangi likiwa limejaa, au likiwa robo? Mwenye gari anayeandika majibu hayo kwenye daftari mara tu anapoegesha, kabla stori na chai hazijamsahaulisha, amemaliza nusu ya kazi. Anayekimbilia boksi la spana na kubadilisha vitu vinne kwa mpigo hatajua hata kilichomponya.

Chukua breki, ambazo ndizo hulalamika kwanza. Kushuka kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80 ni kuondoa robo tatu ya nishati yote ya mwendo, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inageuka joto kwenye diski. Hata gari lisilofika kilo 700 litachemsha breki likirudia hivyo kila dakika. Na hapa pedali yenyewe inazungumza, ila watu wengi hawaisikilizi.

Pedali ikiwa laini na ikizama hadi karibu na sakafu baada ya mizunguko kadhaa, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani hata yakiwa yamefungiwa ndani ya mfumo. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. DOT 5.1 huanza na 260 na kushuka hadi 180. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu wako unaubana mvuke badala ya kuzibana pedi. Dawa ni mafuta mapya na kutoa upepo kwenye kila gurudumu. Gari la uwanjani linataka mafuta mapya ya breki angalau kila mwanzo wa msimu, hata kama yanaonekana masafi.

Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halisimami, usiguse mafuta. Hapo pedi zenyewe ndizo zimepita joto lake, na unahitaji pedi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuna ugonjwa wa tatu ambao huwachanganya hata wazoefu: pedali inazama mara ya kwanza tu, ukiipiga tena inarudi juu, na hutokea baada ya kona ndefu au baada ya tairi kupanda ukingo wa uwanja. Hapo gurudumu limecheza, diski ikaisukuma pistoni ya kalipa kurudi ndani, na pigo lako la kwanza limetumika kuirudisha tu. Mtu anaweza kununua pampu kuu ya breki mara mbili bila kupona, maana tatizo ni beringi ya gurudumu iliyolegea au diski iliyopinda. Nyanyua gari kwa jeki, shika tairi juu na chini, itikise.

Mzunguko wa mwisho uwe wa polepole ili breki zipoe, na ukiegesha usivute breki ya mkono. Pedi zenye moto zikibana diski iliyosimama huacha alama, na baadaye usukani utatetemeka kila ukifunga breki.

Kuhusu gari kuchemsha, swali la lini linafanya kazi nzuri zaidi. Likichemsha ukiwa umesimama kwenye foleni ya kuingia na likapoa ukishika mwendo, tazama feni, swichi yake na waya zake. Likifanya kinyume, yaani limetulia likisimama na linapanda joto kwenye mwendo, basi feni haina kosa. Tafuta rejeta iliyoziba, mkanda unaoteleza, au hewa inayopita pembeni ya rejeta. Hili la mwisho ni kosa la kawaida sana la magari ya kujiundia: mwenyewe ameweka rejeta nzuri puani, akaacha nafasi pande zote, na hewa ikapita penye njia rahisi. Vipande vya bati la alumini kuzunguka kingo za rejeta hugharimu kidogo kuliko rejeta kubwa.

Kwa umbo la Seven rejeta hukaa chini kuliko injini, kwa hiyo hewa iliyonaswa wakati wa kujaza maji hukusanyika kwenye mpira ulio juu kabisa au kwenye silinda hedi. Inua pua ya gari kwa jeki, fungua mpira wa juu, jaza taratibu. Na usiamini kupita kiasi mshale wa joto. Kihisio chake kimeundwa kukaa ndani ya maji; maji yakishamwagika yote kikabaki kwenye hewa, kinaweza kuonyesha joto linashuka huku hedi inaungua. Mshale ulioshuka ghafla bila sababu ni habari mbaya kuliko uliopanda.

Umeme. Fremu imepakwa rangi nzuri, na rangi haipitishi umeme. Waya wa ethi ukifungwa juu ya rangi, au mjenzi akisahau kuunganisha injini na fremu kwa waya mnene, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri. Mara nyingi hupitia kebo ya pedali ya mafuta. Ukipiga stata ukaona inazunguka kwa uvivu, kisha ukagusa kebo hiyo ukakuta ina moto, umepata jibu bila kifaa chochote. Mwenye multimita aweke ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, mwenzake apige stata: ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Injini inayokatika mara moja kwenye matuta na kurudi papo hapo kama kwamba hakuna kilichotokea, mimi huushuku waya uliolegea kabla sijaishuku kabureta.

Nati na bolti huchosha kuandika habari zake, na huchosha zaidi kuzikagua, lakini gurudumu linalochomoka halina mzaha. Baada ya kukaza kila bolti ya sasipensheni na usukani kwa kipimo chake, chora mstari wa rangi unaovuka nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Jicho linaona kwa sekunde moja. Nati zenye pete ya nailoni ni nzuri, lakini si karibu na eksozi wala diski, kwa sababu nailoni yake hupoteza nguvu joto linapozidi nyuzi 120 hivi. Huko weka nati za kujifunga za chuma kitupu. Nati za magurudumu hukazwa upya baada ya kundi la kwanza la asubuhi, kila mara, hata kama ulizikaza jana.

Fremu nayo hupasuka, na hupasuka pembeni ya mahali palipochomelewa, hasa kwenye vishikio vya mikono ya sasipensheni. Wanaopaka fremu rangi nyeusi hupata gari la kupendeza na ufa usioonekana. Kijivu hafifu au nyeupe huonyesha ufa mapema, kama mstari mwembamba wa kutu.

Tairi nitazipitia haraka. Upepo hupimwa ukitoka uwanjani tairi zikiwa za moto. Tairi uliyoijaza psi 18 asubuhi yenye nyuzi 15 itafika karibu 24 hewa ya ndani ikifika nyuzi 65, na hapo ndipo gari huanza kuteleza ukadhani ni shokapu. Kelele za eksozi pia zisikufukuzishe: kabla ya kuruhusiwa kuingia, mita huwekwa nusu mita kutoka kwenye bomba, injini ikiwa robo tatu ya mzunguko wake wa juu, na kila uwanja una kikomo chake. Pamba ya ndani ya mafla huungua ikaisha. Ijaze upya kabla ya msimu.

Nimeacha oili mwisho kwa sababu ndiyo inayoua injini kimyakimya. Kwenye kona kali ya gari jepesi lenye tairi zinazong'ata lami, nguvu ya pembeni inaweza kulingana na uzito wa gari lenyewe. Katika hali hiyo oili ndani ya sampu huinama kwa nyuzi 45, ikakimbilia upande mmoja kama maji kwenye beseni la mtu anayekata kona mbio. Bomba la kunyonya linabaki juu, pampu inameza hewa, na beringi za konirodi zinazunguka zikiwa kavu.

Magari ya kujiundia yana udhaifu wa ziada hapa, na ni wa kujitakia. Injini ya gari la barabarani ikiwekwa kwenye fremu iliyo chini hivi, sampu yake hukaribia lami, kwa hiyo mjenzi huikata na kuifupisha. Oili inapungua mahali ambapo ingehitajika zaidi. Anayeikata airudishie ujazo kwa kuipanua pembeni, na aweke ndani kuta za bati zenye vijilango vinavyoruhusu oili kuja kwenye bomba na kuizuia isikimbie. Na kipimo kiwe kwenye alama ya juu kabisa kila kabla ya kuingia uwanjani, si katikati.

Hili halifanani na petroli inayokimbia ndani ya tangi. Petroli ikihama, injini hukohoa kwenye kona ndefu za upande mmoja tangi likipungua, ikarudi sawa njia inaponyooka. Unasikia mara moja, na kujaza tangi kunatosha kuthibitisha. Oili ikihama husikii chochote. Injini inavuta vizuri mpaka inapogonga. Taa ya kiwandani haisaidii sana, kwa kuwa swichi yake husubiri presha iwe karibu imekwisha ndipo iwake. Nunua swichi ya presha ya juu zaidi, ifunge kwenye taa kubwa nyekundu mbele ya macho yako, kwa sababu hakuna dereva anayetazama mshale mdogo katikati ya kona. Kila unapobadilisha oili, kata filta kwa kikatio cha filta, kunjua karatasi yake chini ya mwanga. Vumbi jeusi ni kawaida. Vipande vinavyong'aa, au vyenye rangi ya shaba, vinatoka kwenye beringi.

Na taa hiyo ikiwaka kwenye kona, hata mara moja, usimalize mzunguko ili kuhakikisha. Kanyaga klachi, zima injini, jiegeshe kando mbali na njia ya wenzako na usubiri uvutwe. Ada ya uwanja haitarudi. Krankshafti moja ni ghali kuliko ada hiyo.