Mbona Anasahau? Si Uvivu, ni Ubongo

Hebu fikiria. Dada yako ana miaka 28, ana kazi nzuri. Siku hizi ukimwambia jambo asubuhi, jioni anauliza tena. Mkiongea watu watatu kwa pamoja, anapotea. Kwa macho humwoni na ugonjwa wowote. Basi watu wanaanza: eti mvivu, eti anajidai, eti karogwa! Wewe ungesema nini?

Mtu anaweza kusahau kwa sababu nyingi. Leo tuangalie moja isiyozungumzwa sana: ugonjwa wa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS.

MS ni nini?

Kinga ya mwili ni kama askari wetu. Kwenye MS, askari hao wanageuka na kushambulia ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Huku karibu na ikweta wagonjwa ni wachache kuliko Ulaya, lakini wapo. Huupati kwa kula wala kulala na mgonjwa. Na si laana.

Nyeupe na kijivu

Kama umewahi kuona ubongo wa mbuzi uliopasuliwa, uliona rangi mbili. Sehemu nyeupe ni nyaya za kupeleka habari. Nyaya hizo zimefunikwa na mafuta yanayoitwa mayelini, kama plastiki kwenye waya wa umeme. Sehemu ya kijivu ni ganda la juu lenye mikunjo, pamoja na vifundo vilivyo ndani kabisa. Humo ndimo zilimo seli zenyewe za kufikiri na kukumbuka.

Mwaka 1868 daktari Jean-Martin Charcot wa Paris alieleza ugonjwa huu kwa kina, na aliona kwamba kumbukumbu za wagonjwa zilidhoofika. Hata hivyo, kwa miaka mingi MS ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa sehemu nyeupe tu. Kwa nini? Makovu ya sehemu nyeupe yanaonekana wazi kwenye picha za MRI, lakini mengi ya sehemu ya kijivu hayaonekani kwenye picha za kawaida. Sasa inajulikana kwamba sehemu ya kijivu nayo huumia, tena mapema. Seli zinakufa, na sehemu hiyo inasinyaa.

Mgonjwa anajisikiaje?

Nyaya zikichunika, mgonjwa anaweza kupata ganzi, miguu mizito, au kuona ukungu. Sehemu ya kijivu ikiumia, mawazo yanakwenda polepole. Anatafuta neno halipati. Anasahau. Karibu nusu ya wagonjwa hupata shida za namna hii. Wengi pia huchoka sana, na wengine huzama kwenye huzuni.

Daktari anaweza kumpima kwa karatasi tu: kila alama ina namba yake, naye ana sekunde 90 za kuzilinganisha nyingi awezavyo. Akili anayo, ila kasi imepungua.

Je, kuna dawa?

Dawa ya kuponya kabisa haijapatikana. Zipo za kupunguza mashambulizi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kuanza mapema ni bora, kwani seli ikishakufa hairudi. Mazoezi husaidia. Sigara huzidisha ugonjwa.

Wewe ufanye nini?

• Mweleze jambo moja kwa wakati mmoja. Zima redio kwanza.
• Mpe nafasi amalize sentensi yake mwenyewe.
• Msaidie kuandika mambo kwenye daftari.
• Usimcheke, wala usimwite mvivu.

Na wewe, ukisahau jibu kwenye mtihani, usikimbilie kusema una MS! Huenda hukusoma tu. Lakini jicho likiingia ukungu ghafla, au ganzi ikakaa siku kadhaa, nenda hospitali usingoje.

Kumbuka: ugonjwa usioonekana nao ni ugonjwa.